Kabla chokaa haijawa jiwe

Babu yangu hakusoma kemia, lakini maisha yake yote aligombana na maji. Kwetu Pangani kulikuwa na visima viwili. Kimoja kilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa mtoni. Kingine juu, mwendo wa robo saa ukipanda kuelekea mashambani. Cha mtoni kilitosha kuogea na kufulia, ingawa sabuni ilikuwa haitoi povu. Ila siku ya kuzima chokaa sisi wajukuu tulipewa ndoo na kuamriwa tupande. Ukileta ujanja, ukachota cha karibu na kumimina pipani, alikugundua. Alichovya kidole, akakigusisha ulimi, akakutazama bila kupepesa.

"Haya yamelala na bahari. Mwaga."

Tukamwaga, tukapanda tena.

Alikuwa fundi wa lipu za majumba ya zamani, yale ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mimi nilimkuta uzeeni, saruji imeshamnyang'anya kazi, lakini ujana wake alichoma chokaa mwenyewe. Magogo hupangwa duara, matumbawe hurundikwa juu yake, moto hutiwa na kuachwa hadi rundo zima lianguke ndani. (Leo matumbawe na mikoko havivunwi kiholela, na ni haki.) Jiwe likikaribia nyuzi 900 hutoa hewa ya ukaa na kubaki oksidi ya kalsiamu. Mwagia maji: linachemka lenyewe bila moto, linavimba, linapasuka na kuwa uji mweupe. Uji ule ulikaa shimoni miezi kadhaa, na Babu aliulinda kuliko alivyolinda fedha. Ukishapakwa ukutani, unaanza kunywa polepole hewa ya ukaa ile ile iliyofukuzwa na moto, hadi unarudi kuwa kabonati ya kalsiamu. Jiwe limevunjwa, limepakwa pale ambapo jiwe lisingepakika, kisha limerudi kuwa jiwe.

Katikati ya safari hiyo kuna kituo kimoja. Babu hakukijua. Mimi nilikitumikia miaka miwili kwenye maabara ya chuo kimoja Ujerumani, na siku ya kwanza profesa wangu alinipokea kwa maneno yaliyonirudisha kisimani: "Usiniambie umeweka nini kwenye chupa. Niambie maji yalikuwaje wakati kitu kinatoka."

*

Kituo chenyewe ni hiki. Kabonati ya kalsiamu inapotoka majini kwa haraka, mara nyingi haitoki ikiwa fuwele. Hutoka kwanza kama chembe za mviringo, ndogo mno, zilizoshiba maji, ambazo ndani yake hakuna mpangilio wa kudumu. Wataalamu huiita kabonati amofasi, yaani isiyo na umbo. Nikitaka kumweleza mtu wa nyumbani humwambia hivi: fuwele ni safu za swala, bega kwa bega, kila mtu anajua mstari wake. Amofasi ni watu wale wale dakika mbili baadaye, wako mlangoni wanatafuta viatu.

Wilhelm Ostwald alikwisha kuiona tabia hii mwaka 1897 na kuiwekea kanuni: kitu kinachotoka kwenye mmumunyo hakikimbilii hali iliyo imara kuliko zote, hupitia kwanza zile legelege zilizo karibu. Kabonati ya kalsiamu ni mwanafunzi mtiifu wa kanuni hiyo. Ina fuwele tatu zisizo na maji ndani yake, kalsaiti, aragonaiti na vataraiti, na chini yao wote kwa uimara yuko huyu asiye na umbo. Kalsaiti ina zao la umumunyifu (namba ambayo ikiwa kubwa, kitu kinamumunyika zaidi) la kama 10 kipeo −8.48, amofasi, kama 10 kipeo −6.4. Tofauti ni zaidi ya mara 100. Ndiyo maana amofasi haidumu: maji ambayo kwa macho ya amofasi yameshiba tu, kwa macho ya kalsaiti yamefurika.

Kuitengeneza ni rahisi hadi aibu. Unachukua kloridi ya kalsiamu kwenye chupa moja, kabonati ya sodiamu kwenye nyingine, unazimimina pamoja. Papo hapo maji yanageuka tui. Hata jikoni inawezekana kuona kitu cha jamaa hiyo: maji ya chokaa yaliyochujwa yakikutana na maji ya magadi hufanya wingu lile lile. (Ila usijaribu nyumbani, mchanganyiko huo unaacha soda kali inayounguza ngozi.)

Kuihifadhi ndiko kunakovunja moyo. Sampuli yangu ya kwanza niliichuja vizuri, nikaisuuza vizuri, nikaiacha juu ya karatasi ya kuchujia nikaenda zangu. Jumatatu nikaipeleka kwenye mashine ya eksirei. Kitu amofasi kwenye mashine ile huchora kilima kipana tu, kama nundu ya ng'ombe aliyelala. Fuwele huchora miiba. Mimi nikapata miiba, mirefu, safi, mmoja baada ya mwingine. Profesa aliitazama karatasi akasema, "Hongera, umetengeneza chaki."

Kosa lilikuwa maji ya kusuuzia. Nilitumia maji safi ya maabara badala ya ethanoli, na amofasi tupu ikiguswa na maji kwenye joto la chumba ina dakika chache tu za kuishi. Inayeyuka upande mmoja, kalsaiti inaota upande wa pili. Tangu hapo nilikuwa nachuja mbiombio, nasuuza kwa ethanoli, nakausha kwenye chombo kilichonyonywa hewa, na bado siku za mvua nilipoteza nusu ya kazi kwa unyevu wa chumbani tu.

*

Njia ya kuifanya idumu imejulikana kitambo: tia magnesiamu. Ukiiweka ya kutosha, dakika zile zinakuwa saa, na zikizidi, siku. Na hapa ndipo kazi yangu halisi ilipoanzia, kwa sababu swali halikuwa tena "inadumu muda gani" bali "magnesiamu kiasi gani imeingia ndani, na nani aliyeamua?"

Jibu la haraka ni kwamba mapishi ndiyo yanayoamua: ukiweka magnesiamu tano kwa kalsiamu moja ndani ya maji, jiwe nalo litatoka na uwiano unaofuata huo. Nami niliamini hivyo. Bahari yenyewe ina uwiano wa karibu huo huo, kama milimoli 53 za magnesiamu kwa 10 za kalsiamu katika kila kilo ya maji, nikaona nitumie huo huo nisijisumbue. Nikaandaa chupa tatu zenye magnesiamu na kalsiamu kwa uwiano ule ule wa tano kwa moja. Kilichotofautiana ni kiasi cha kabonati tu. Jiwe la chupa ya kwanza na la chupa ya tatu, kwa yaliyomo ndani, hayakuwa ndugu hata wa mbali.

Nilishuku mizani. Nikashuku pia mwanafunzi aliyetumia mizani kabla yangu, Mungu anisamehe. Nikarudia. Ikawa vile vile.

Ili kuelewa kilichotokea inabidi umjue magnesiamu ni mtu wa namna gani. Ioni yake, yaani chembe yake yenye chaji inayoelea majini, ni ndogo kuliko ya kalsiamu, nusu kipenyo cha kama 0.72 cha angstromu dhidi ya 1.00, lakini chaji zao ni sawa. Kwa kuwa ni ndogo, inayavuta maji kwa nguvu zaidi. Hutembea na molekuli sita za maji zimeizunguka, imezikumbatia, haiziachii ovyo. Kalsiamu nayo ina maji yake, ila huyabadilisha haraka kama mara elfu moja au zaidi ya magnesiamu. Sasa fikiria konda wa daladala jioni. Abiria wawili wamesimama kituoni, mmoja mikono mitupu, mwingine ana mabegi sita. Viti vikiwa vichache, konda anamvuta nani?

Kabonati ndiyo viti. Ikiwa kidogo kuliko kalsiamu iliyopo, kalsiamu inavimaliza vyote na magnesiamu inabaki kituoni hata kama wako watano kwa mmoja. Ikiwa nyingi, kalsiamu inapanda yote, viti vinabaki, na konda anaanza kupiga kelele: haya twende, panda na mabegi yako. Kwa hiyo magnesiamu inaingia, na inaingia na sehemu ya maji yake. Ndiyo sababu kabonati amofasi yenye magnesiamu nyingi huwa pia na maji mengi ndani yake kuliko ile isiyo nayo. Ukiipasha moto kwenye mizani unaona uzito ukishuka maji yanapotoka.

Na kwa nini hii itokee kwa amofasi kuliko kalsaiti? Kwa sababu kalsaiti ni basi la mkoani lenye namba za viti. Kila kiti kimepimwa kwa mwili wa kalsiamu, na magnesiamu nyingi ikijipenyeza fuwele inaumia. Amofasi ni fuso la mnadani. Hakuna kiti, watu wanasimama, mwenye mbuzi na apande na mbuzi wake.

Ukishaelewa hivyo, pH, kile kipimo cha asidi ya maji (ikipanda, asidi imepungua), inajieleza yenyewe. Kaboni iliyomumunyika majini ina sura tatu: hewa ya ukaa, bikabonati na kabonati. Kwenye maji ya bahari ya leo, yenye pH ya kama 8.1, karibu asilimia 90 ni bikabonati, na kabonati yenyewe haifiki hata asilimia 15. Pandisha pH, bikabonati inaachia haidrojeni yake na kuwa kabonati. Hujaongeza hata punje moja ya kaboni chupani, umebadilisha asidi tu, lakini viti vimeongezeka. Kwa hiyo ukiniambia "uwiano ulikuwa tano kwa moja" bado hujaniambia kitu. Kabonati yote ilikuwa kiasi gani? pH ngapi? Ulimimina haraka au taratibu?

Hilo la kumimina lilinichelewesha miezi. Ndani ya chupa, mambo hayasimami. Punje ya kwanza inatoka kwenye maji yenye kalsiamu tele. Punje ya mwisho inatoka kwenye maji ambayo kalsiamu imeshakwisha na magnesiamu imebaki inazurura. Ukizikusanya zote na kuzipima unapata wastani wa wageni wasiofahamiana, halafu unauandika kwenye jedwali kana kwamba ni kitu kimoja. Dawa yake ni kuacha chupa na kutumia chombo cha mtiririko: mimumunyo miwili inaingia bila kukoma, inachanganywa, inatoka upande wa pili, hadi hali ya ndani itulie na kubaki ile ile kwa muda wote unaokusanya. Christina Blue na Patricia Dove wa Virginia Tech, Marekani, walitumia njia hiyo, na mwaka 2015 wakachapisha vipimo vinavyoonyesha kwa mpangilio kwamba magnesiamu ya ndani ya amofasi hutawaliwa na mambo haya kwa pamoja: uwiano wa magnesiamu na kalsiamu, kiasi cha kabonati, na pH. Niliisoma kazi yao baada ya kumaliza chupa zangu zote. Hayo ndiyo majuto ya mtu anayependa kuchovya kidole kabla ya kufungua maktaba.

Vitu vingine vinaingilia pia: fosfati, salfati, sitrati, protini zenye asidi aspatiki kwa wingi. Kila kimoja kina hadithi yake, sitaifungua leo.

*

Wanyama wameyajua haya kabla yetu. Mwambao mzima wanamjua kaa laini, yule aliyevua gamba lake na bado hajapata jipya gumu. Kwa wanaonenepesha kaa, siku hizo ndizo za roho mkononi, kwa maana wenzake wanaweza kumtafuna. Kaa hana muda wa kujenga fuwele taratibu. Gamba lake lina kalsaiti na pia kabonati amofasi, na baadhi ya jamaa zake, kama kamba wa mito ya Ulaya, huweka akiba ya amofasi kwenye vijiwe tumboni kabla ya kuvua gamba, kisha huvimumunya na kuvitumia upya. Kwa nini akiba iwe amofasi na si kalsaiti? Kwa sababu ile ile iliyonipotezea sampuli: inamumunyika upesi. Udhaifu ulionitoa jasho mimi kwa kaa ni faida. Ili isiharibike kabla ya siku yake, mnyama huichanganyia fosfati na sitrati.

Lakini bingwa, kwangu mimi, ni yule mnyama wa miiba mirefu anayejificha kwenye matundu ya mwamba (Waingereza humwita sea urchin), ambaye ukimkanyaga maji yakipwa, miiba inakatikia mguuni na jioni unapakwa papai. Mwaka 1997 Elia Beniash, Joanna Aizenberg, Lia Addadi na Stephen Weiner walionyesha kwamba viluwiluwi wake hujenga vijiti vyao vya kwanza kwa kabonati amofasi, inayogeuka polepole kuwa kalsaiti. Ajabu zaidi ni meno yake. Ana meno matano ya kabonati ya kalsiamu anayotafunia mwamba ambao nao ni kabonati ya kalsiamu. Ungedhani ni sawa na kukata mbao kwa ubao. Siri ni kwamba ncha ya jino ina sehemu zenye magnesiamu karibu asilimia 40 ya nafasi za kalsiamu, kiasi ambacho kalsaiti inayoota yenyewe kwenye maji ya bahari haikifikii hata kidogo. Basi la namba za viti lisingembeba mzigo huo. Ilibidi kwanza upakiwe kwenye fuso, yaani amofasi, ndani ya chumba kidogo ambamo mnyama mwenyewe anaamua pH iwe ngapi na kabonati iwe kiasi gani, kisha ndipo fuwele ijipange mzigo ukiwa tayari umo ndani.

(Miamba ya Kenya ambako kikande wamevuliwa wakaisha, wanyama hawa huongezeka na kuutafuna mwamba hadi ukonde. Kikande ndiye adui wao mkuu. Meno yale si hadithi ya maabara.)

Hapa nina ugomvi wangu mdogo. Wanaosoma hali ya hewa ya kale hupima magnesiamu kwenye maganda ya vijidudu vya bahari viitwavyo foraminifera, kwa kuwa katika aina nyingi zake magnesiamu huongezeka kwa kama asilimia 9 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ni kipimo kizuri na kimetufundisha mengi, na waliobobea hurekebisha hesabu kwa pH na chumvi. Ila kila nionapo mchoro uliosambazwa mitandaoni, joto upande mmoja, miaka upande mwingine, mstari mmoja mwembamba katikati, najiuliza: ganda hili lilipitia kituo gani kabla halijawa ganda? Mwaka 2017 vataraiti, fuwele legelege kuliko zote tatu, ilionekana kwenye maganda ya foraminifera waliodhaniwa kwa miaka mingi kujenga kalsaiti moja kwa moja. Mstari ule unastahili kuwa mnene zaidi.

*

Afrika Mashariki tuna maabara ya wazi ya jambo hili, nayo ni Ziwa Kivu. Ni ziwa linalojulikana kwa gesi zake za chini, hewa ya ukaa na methani, kiasi kwamba Rwanda inazalisha umeme kwa methani yake. Wanaolizungumzia kwa ajili ya mawe yake ni wachache. Maji yake yamepita kwenye miamba ya volkano za Virunga na yamejaa magnesiamu kuzidi kalsiamu kwa mbali, tena ya juu yana alikali. Mwaka 1974 watafiti wawili, Stoffers na Fischbeck, waliripoti kwamba kwenye mashapo ya ziwa hilo kuna monohaidrokalsaiti, kabonati ya kalsiamu iliyofungiwa molekuli moja ya maji. Ni madini adimu. Kwenye maabara nayajua vizuri sana kwa sababu ndiyo yaliyonitokea kila nilipoacha amofasi yenye magnesiamu nyingi ikae kwenye maji yake ya alikali: haikuwa na haraka ya kuwa kalsaiti, ikapitia humo. Niliposoma taarifa ya Kivu nilicheka peke yangu maktabani. Chupa yangu ya tatu ilikuwa Ziwa Kivu dogo.

Na ukiendelea kuongeza magnesiamu, je, hupati dolomaiti, yale madini yenye kalsiamu na magnesiamu nusu kwa nusu, ambayo milima mizima imejengwa kwayo? Hupati. Lynton Land alichapisha mwaka 1998 taarifa ya jaribio alilolisubiri miaka 32 kwenye nyuzi 25, maji yakiwa yameshiba dolomaiti mara 1,000 kupita kiwango, na dolomaiti haikutoka. Miaka 32! Mwanao anazaliwa, anaoa, chupa bado iko rafuni. Ni mwaka 2023 tu ambapo Wenhao Sun na wenzake walionyesha kwamba huenda siri ni kutosubiri: maji yakiwa mara yamepungukiwa na ioni, mara yamezidiwa nazo, yanayeyusha zile zilizokaa vibaya na kuziacha zikae upya, tabaka kwa tabaka. Yaani daladala lisimame, washuke walioketi ovyo, wapande tena.

Amofasi hushikilia kumbukumbu ya maji iliyozaliwa nayo, lakini kwa masharti. Ikigeuka kuwa fuwele ndani ya nafasi finyu isiyo na maji ya kutosha, mzigo wake wa magnesiamu unabaki karibu wote. Ikigeuka ndani ya maji mengi, inayeyuka na kujengwa upya, na mizigo inapangwa upya kwa sheria za maji ya sasa. Nimepoteza siku nyingi kwa kutotofautisha hayo mawili.

*

Babu alifariki nikiwa mwaka wa pili kule. Niliporudi, Mjomba alikuwa amepanga kuipiga nyumba lipu ya saruji, kwa maana ya chokaa ilikuwa imebanduka upande wa mtoni. Nikamwomba ukuta mmoja. Akacheka, "Ulaya wamekufundisha kupiga lipu?" Lakini akanipa.

Kabla ya kuzima chokaa nilipeleka maji ya visima vyote viwili kwa rafiki mwenye vifaa vya kupimia. Cha mtoni kilikuwa na chumvi nyingi na magnesiamu nyingi, maji yaliyolala na bahari kweli. Sasa, ingekuwa utamu kuandika hapa kwamba Babu aliijua magnesiamu kwa ulimi. Sitaandika. Nadhani kilichokuwa kikimuudhi zaidi ni chumvi yenyewe: ukuta wenye chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hutoa jasho, kisha chumvi hujifanyia fuwele ndani ya vitundu vya lipu na kuisukuma nje. Hilo linatosha kumfanya fundi amwage pipa zima. Magnesiamu huenda ilichangia kwa kuchelewesha ile amofasi isigeuke kalsaiti kwa wakati wake, na maabara zinaonyesha kwamba chokaa inapokutana na hewa ya ukaa kweli hupitia amofasi. Lakini kati ya makosa mawili ya kisima kile, hilo ni dogo.

Tukachota cha juu. Safari hii niliajiri bodaboda.

Wiki tatu baada ya kupiga lipu, Mjomba alikuja na swali la wenye nyumba wote: imekauka au haijakauka? Nilivunja kipande kidogo pembeni, kama unene wa kidole, nikakinyunyizia fenolfthalini kutoka kichupa nilichobeba kutoka shuleni ninakofundisha sasa. Dawa ile huwa ya waridi palipo na alikali kali, yaani chokaa ambayo bado haijanywa hewa ya kutosha, na hubaki bila rangi palipokwisha kuwa kabonati. Upande wa nje ulibaki mweupe, unene wa kucha hivi. Ndani kote pakawa waridi, rangi ya sharubati. Katikati, mstari mwembamba usionyooka.

"Ndani bado mbichi," alisema Mjomba, akikigeuzageuza kipande kwenye mwanga.

"Bado, Mjomba."

Akaweka ukucha wake kwenye ule mstari. "Na hapa je? Hapa si nje si ndani."

Nikamwambia hapo ndipo nilipoishi miaka miwili. Akanitazama kama Babu alivyokuwa akitutazama na ndoo zetu, akanirudishia kipande, akaenda kuswali alasiri.